Chale Thelathini na Nne

Kibali nilikipata mwezi wa sita, mvua zikiwa zimekata,
mhuri wake umekaa upande kama kofia ya mlevi.
Pesa nilizihesabu mara tatu kitandani:
za bati la jikoni, za bati la jikoni,
bado ni za bati la jikoni.
Kapinga akasema: Nenda, bati halileti kitoweo.
Lakini alisema akiwa amenipa mgongo.

Kwa fundi Kabulo, kule Katuba, bunduki hulala na cherehani,
meza moja, kopo moja la mafuta.
Akanitolea ya kwanza: mpya, nyeusi, ina darubini,
kitako cha plastiki, chepesi kama ahadi.
Nikaipandisha begani. Nikajiona mtu.
Risasi zake?
Zinatoka mbali, akasema, akitazama dari.
Bunduki ambayo risasi zake haziko sokoni
ni fimbo ya bei mbaya.
Nikairudisha, viganja vikiwa bado na joto la kujiona.

Ya pili ilikuwa rahisi, rahisi mno,
mtutu umeliwa ndani kama jino.
Hii inalia vizuri, alisema Kabulo,
ila haichagui inampata nani.

Ya tatu hakuwa nayo. Alinipa njia:
Ruashi, geti la kijani, uliza Mama Nsamba.
Na akanipa somo, sindano ya cherehani mdomoni:
Usinunue kitako, kitako ni sura.
Chomoa komeo, elekeza mtutu kwenye mwanga,
mifereji izunguke safi, isiwe na ukungu.
Kisha fumba macho, ulifunge.
Acha sikio ndilo linunue.

Ilikuwa chini ya kitanda, nyuma ya gunia la unga,
imeviringishwa blanketi kama mgonjwa.
Mauzer ya Wabelgiji, ametuzidi umri sote wawili,
chuma kimepauka pale mkono ulipozoea.
Nikachomoa komeo, nikachungulia.
Mwisho wa mtutu, sarafu ya mwanga,
na ndani ya sarafu, mbali, padogo,
mlima mweusi wa makaa ya shaba na bomba lake refu,
wima, bila moshi.
Nikafumba macho. Nikafunga.
Ulikuwa mlango unaofungwa na mtu asiye na hasira.

Ndipo nikaona chale kwenye kitako,
zimechorwa kwa kisu, nyingine zimepinda.
Nikazihesabu, maana mnunuzi huhesabu kila kitu.
Mama, nikasema, imechoka hii,
wanyama thelathini na wanne! Punguza.

Haiko nyama, baba. Ni miezi.
Miezi ile kampuni haikulipa.
Kila mwisho wa mwezi alishika njia ya Kipushi,
akarudi na funo, akarudi na kanga,
mara nyingi akarudi na matope tu.
Akachora. Nyama hakuchora hata mmoja.

Mdomo wangu ulikuwa wazi, bei ya chini imekaa ulimini.
Niliufunga.
(Sitadanganya: mlangoni nilijaribu tena, kidogo.
Akacheka, akaniongezea mkanda wa ngozi,
pesa akazikunja bila kupunguza hata noti moja.)

Nyumbani bukari ilikuwa imepoa.
Kapinga hakuuliza bei. Aliivuta karibu na taa,
akapitisha kidole gumba juu ya chale, moja moja,
midomo ikihesabu bila sauti.
Nikamweleza ni nini.
Akafika mwisho, akaanza tena mwanzo.
Baba naye alikuwa wa kampuni, akasema.
Yeye hakuwa na bunduki.

Nje upepo wa kiangazi ukalitikisa bati la jikoni.
Mfukoni zilibaki pesa za risasi tano.